Mbegu ya Mfano

Kwa mujibu wa mashine, mchungaji wa Ilula alikulia kwenye tumbaku.

Dk. Fainesi Mhongole alicheka kidogo alipoyaona majibu hayo, maana mchungaji mwenyewe alimfahamu: mtu wa kufukuza wavuta sigara hadi nje ya geti la kanisa, kazaliwa nyumba ya misheni, hajawahi kushika jembe sembuse dawa ya shambani. Akaita majibu ya mwalimu wa Mafinga. Tumbaku. Fundi umeme wa Kihesa, tumbaku. Muuza vitenge wa Makambako, ambaye shamba analiona akiwa ndani ya gari tu, naye tumbaku. Kicheko kikamkauka.

Sampuli hazikuwa za akina baba wenyewe. Zilikuwa za watoto wao, waliomiminika kituoni mwezi huo wakiwa wameshikwa mikono na mama zao, wote na shida moja. Wanaamka asubuhi nyuso zimeumuka, miguu imejaa maji, mkojo una povu. Figo. Watoto wa chekechea na wa darasa la kwanza wana figo za mzee aliyechoka. Na baba zao wote walisuuzwa hapo hapo kituoni, mlimani juu ya mji wa Iringa.

Nani asiyejua kusuuza siku hizi? Posa inapelekwa, mshenga hajamaliza hata kukohoa, wazee wa upande wa binti wanauliza: kijana kasuuzwa? Maana sasa kila mtu anajua kwamba mwanaume anabeba maisha yake kwenye mbegu zake. Njaa aliyolala nayo utotoni, sigara, vitisho, sumu alizovuta, kila kimoja kinabandika chembe zake za kemikali juu ya jeni. Jeni zenyewe hazibadiliki. Kinachobadilika ni ipi iwake na ipi izimwe, na kwa nguvu gani. Mbegu inazibeba alama hizo hadi kwa mtoto ambaye hakuwahi kulala njaa wala kuvuta chochote. Hilo wanasayansi walilijua kwa panya tangu zamani. Kituo cha Iringa kikaenda mbele: kikapata vimeng'enya vya kufuta alama kwenye mbegu na kuchora nyingine mahali pake, safi, kabla mbegu haijakutanishwa na yai.

Safi, lakini safi ya nani? Mashine inasoma alama tu, haijui ipi ni kovu na ipi ndiyo ngozi yenyewe. Ilihitaji mtu wa kuiga. Walipojaribu kuchanganya alama za wanaume wawili watatu, viinitete vilikufa vyote, kwa hiyo ikabidi apatikane mwanaume mmoja, mwenye mbegu nyingi na zenye mbio, na maisha yasiyo na doa. Wingi na mbio hadubini inaona. Maisha yasiyo na doa, hayo ilibidi aulizwe mwenyewe kwa mdomo. Na aliyepewa kazi ya kuuliza, wakati huo akiwa ndiyo kwanza katoka chuoni, alikuwa Fainesi.

Wiki hiyo wenzao wa Urambo walikuwa wametuma alama za watoto wa vibarua wa tumbaku. Baba za watoto hao hawakusuuzwa. Walichanganya dawa ya wadudu kwa mikono mitupu tangu wadogo, na dawa ikakaa juu ya jeni zinazojenga figo. Fainesi aliweka alama za Urambo upande mmoja wa kioo na za watoto wa Iringa upande wa pili. Zilifanana kama kanga za jora moja.

Ilibaki sampuli moja, ambayo alikuwa ameisukuma nyuma ya nyingine tangu asubuhi. Ilikuwa ya Tunu, binti yake. Kwa wiki nzima alikuwa akimwambia mume wake kwamba uso wa mtoto umevimba kwa usingizi, kalala kifudifudi, mwache. Mume wake, Elia, ni mtoto wa mjini, karani wa benki, na dawa pekee aliyowahi kupuliza ni ya mbu. Walipokosa mtoto miaka mingi, alisuuzwa kama wengine.

Fainesi aliingiza sampuli ya Tunu, akasimama akisubiri. Mashine haikuchelewa. Tumbaku.

Akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati, koti jeupe limemkunjamana. Na hapo hapo, jamani, bila kuitwa, ikamjia sauti ya Osmundi Ngonyani.

*

Osmundi alikuwa dereva wa lori, Mngoni wa Namtumbo, mtu wa mabega na sauti. Alipoingia kwenye chumba cha mahojiano siku ile na kulisoma jina la Fainesi kifuani, alirudi nyuma hadi mlangoni akaziba pua.

"Mhehe! Mmeniitia Mhehe! Naomba mtu anishikie mbwa wangu huko nje, asije akawa kitoweo."

Fainesi akaruka kitini. "Mngoni! Karibu, mtani, ila mifukoni utoe hao panya kwanza, hii ni maabara."

Basi. Kazi ikawa raha. Mhehe na Mngoni wakikutana hata benki inasimama. Babu zao walichinjana vya kutosha, wajukuu wamebaki kutukanana na kuzikana. Hakuna wa kununa. Mtani anaweza kukuambia baba yako ni mwizi, mbele ya baba yako, na baba yako akacheka.

Aliuliza sigara: hapana. Pombe: "Hiyo mliimaliza nyie." Akauliza njaa, vita, magonjwa. Kisha akauliza kama amewahi kugusana na dawa za shambani.

"Kugusana? Mtani, mimi nimezinywa!" alisema Osmundi. "Tulikuwa tunalala ndani ya bani, mle wanamokaushia tumbaku, sisi na wadogo zangu. Madebe ya dawa yakiisha ndiyo tunachotea maji. Na panya, aisee, panya wakifa kwa ile dawa tunawabanika tunawala na ugali. Panya wa dawa ana mafuta huyo! Wala humfananishi na mbwa wenu."

Fainesi alicheka hadi akalaza kichwa mezani. Alifuta machozi kwa mkono wa koti. Osmundi naye akamtazama anavyocheka, kisha akacheka, na kicheko chake kilichelewa kidogo kuanza. Hilo Fainesi aliliona. Aliliona kabisa, akalipita.

"Wangoni mtaacha lini kula panya," akasema, na kwenye mashine akaweka kwamba hajawahi.

Mbegu zake zilikuwa za ajabu. Hadubini ilijaa. Profesa aliita watu waje kuangalia. Osmundi akawa mbegu ya mfano, na alipoambiwa alienda kujisifu hadi Namtumbo kwamba nchi nzima itakuwa yeye.

*

Profesa Kyaruzi alisikiliza yote bila kumkatiza. Alikuwa Mhaya mpole, mwenye mvi nzuri, na ndiye aliyempigania Fainesi apate udaktari wake wakati wengine walimwona msichana wa kuchemsha chai. Fainesi alipomaliza, Profesa alienda akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Elia?"

"Bado."

"Vizuri. Sasa nisikilize, Fainesi. Kwanza, hujui. Mtu alikuwa anakutania. Wewe mwenyewe umeniambia, ulikuwa utani."

"Alama za Urambo hazitanii, Profesa."

"Urambo wamepima watoto wachache." Alikaa. "Pili, tuseme ni kweli. Jumatatu unasema nini? Kwamba watoto wote waliozaliwa kwa kazi yetu wana sumu ya Mngoni mmoja? Kesho yake shuleni wataitwaje? Watoto wa panya. Nani atawaoa? Tulifundisha nchi hii kuuliza kijana kasuuzwa. Wataanza kuuliza kama alizaliwa kwa kusuuzwa, wakimbie. Tunu wako kwanza."

Hilo Fainesi alikuwa amelifikiria usiku kucha, na kila alipofika kwenye jina la Tunu alirudi mwanzo.

"Na sindano?" akauliza.

Maana Jumatatu si siku nyingine. Jumatatu Waziri anakuja mlimani kuzindua sindano ya kusuuza: hakuna tena maabara wala kukutanisha mbegu na yai, mwanaume anadungwa zahanati ya kata, anasubiri miezi mbegu zake zijitengeneze upya kwa alama za mfano, anarudi kwa mkewe. Bure, nchi nzima. Kila zahanati ilikuwa imeshapokea makasha yake, na ndani ya kila kasha alikuwamo Osmundi.

"Sindano tutaiahirisha kimya kimya baada ya uzinduzi," alisema Profesa. "Tutasema kuna tatizo la majokofu. Tutatafuta mfano mpya."

"Baada ya uzinduzi wangapi watakuwa wameshadungwa?"

"Watoto wao hawajazaliwa, Fainesi. Hawana majina. Hawa wa sasa wana majina."

Ilikuwa hoja, na ubaya wake ni kwamba ilimwingia. Alijikuta anaitikia kwa kichwa. Alijichukia kwa kuitikia, lakini aliitikia.

"Muulize mwenyewe," Profesa akasema kwa upole. "Huyo Osmundi. Pengine alikuwa anatia chumvi tu, na wote tutalala."

Fainesi akapiga simu hapo hapo, mbele yake. Ikaita sana. Ikapokelewa na mwanamke, mke wake Osmundi, Skolastika, ambaye kila mtu alimwita Mama Imelda.

"Mtani!" Sauti ilikuwa imekauka. "Habari zimekufikia upesi hivyo? Katutoka alfajiri. Figo, mtani. Alivimba hadi macho hayaonekani. Kesho tunazika, na wewe uje, maana alisema Mhehe wake asikose."

*

Alipanda treni mpya ya kusini alfajiri, akashuka Songea, akachukua gari hadi kijijini. Njia nzima alijipa moyo kwa jambo la kipuuzi: kwamba Osmundi alikuwa mwongo. Alimwombea maiti wa watu awe mwongo. Madereva ni waongo, alijiambia, na Wangoni ndio kabisa.

Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka sebuleni. Mama Imelda alimsogezea nafasi karibu yake. Pembeni alikaa Imelda mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi, binti pekee wa Osmundi, na kanga yake ilikuwa imefungwa juu ya tumbo la mimba iliyoanza kuonekana.

"Pole, Mama Imelda."

"Tumeshapoa, mtani. Ya Mungu."

Fainesi alizungushazungusha kikombe cha chai. Hakujua pa kuanzia. "Marehemu alinichekesha sana siku ya kwanza," alisema mwishowe. "Ile habari yake ya kulala kwenye bani. Na panya wa dawa."

"Ehe, hakuacha kuisimulia." Mama Imelda akatabasamu kidogo. "Wamelelewa mle, mtani, mama yao alikuwa kibarua. Maji ya kwenye madebe, panya, vyote. Wadogo zake wawili hawakufika hata shule. Makaburi yao ni yale pale nyuma ya migomba, ukitoka utayaona."

Fainesi akaweka kikombe chini.

"Na huyu nilimwimbia kila mwaka, baba Imelda, nenda hospitali kapime, unavimbavimba hivi. Unajua alikuwa ananijibu nini? Anasema, mke wangu, nilimweleza daktari mzima, msomi, tena mtani wangu, nikamwambia yote, bani, madebe, panya, nilikuwa naogopa kweli siku ile. Daktari akacheka mpaka akalala mezani. Ingekuwa jambo baya, daktari angecheka? Basi alirudi nyumbani siku hiyo amefurahi, hujapata kuona. Akalala kama mtoto. Tangu hapo hakuwahi kupima."

Mama Imelda alimpigapiga goti, kwa upendo kabisa. "Ulimpa amani, mtani. Hilo nitakushukuru."

Fainesi alisema anataka hewa. Alitoka nyuma ya nyumba, akayaona makaburi mawili madogo penye migomba, akasimama mbele yake. Aibu ilimshika hadi masikio yakamlia. Mtu alikuja kwake anaogopa, akauvalisha woga wake nguo pekee aliyoweza kuvaa mbele ya mwanamke wa Kihehe, na yeye akaicheka nguo.

*

Jeneza lilipofika kaburini, katekista akafungua kitabu chake, na watu wakaanza kutazamana wakitafuta watani. Ndiyo desturi. Mngoni hashuki kaburini kimya kimya kama mfuko wa saruji. Lazima watani wasumbue, wazuie, wadai, hadi walipwe waondoke. Vijana wawili wa Kihehe waliokuwa wanafanya kazi ya mbao Namtumbo walishaanza kugombania koleo.

Fainesi alikaza kanga kiunoni, akaruka ndani ya kaburi.

Kelele zikapanda. "Mhehe kaingia! Mama wa Iringa kaingia!" Hata wafiwa walinyanyua vichwa.

"Hazikwi mtu hapa!" alisema Fainesi. Udongo ulimfika mabegani.

"Unadai nini, Mhehe?" aliita kaka yake marehemu, mzee mmoja mwenye kofia ya pama. "Sema, tuna mbwa mmoja tu, na amekonda!"

"Sidai mbwa. Nadai mnisikilize." Alivuta pumzi. Alikuwa ameamua hapo nyuma kwenye migomba, na aliamua upesi ili asipate nafasi ya kumfikiria Tunu. "Mimi ndiye niliyemuua ndugu yenu."

Watu wakapiga makofi. Mtani akisema hivyo, ndiyo kwanza anaanza.

"Alinieleza kwamba ana sumu mwilini. Nikacheka. Ningempima siku ile, angetibiwa."

"Na kweli, nyie Wahehe mnaua kwa kucheka, maana meno yenu!" mtu akajibu, na kicheko kikazunguka kaburi.

"Sikilizeni! Ile sumu ilikuwa kwenye mbegu zake. Na mbegu zake tumeziiga kwa kila mwanaume aliyesuuzwa. Watoto wa Iringa, wa Mbeya, wa Njombe, wote wana alama za Osmundi. Wanavimba kama alivyovimba yeye. Na Jumatatu tunawadunga wengine nchi nzima."

Hapo wazee walishikana mabega kwa kucheka. Kaka wa marehemu alivua kofia akajipepea. "Mmesikia? Iringa nzima imezalishwa na Osmundi! Ndiyo maana nasikia siku hizi wameacha kula mbwa, wanaulizia panya!"

"Jamani, sitanii!"

"Hatanii!" umati ukamwitikia, kwa furaha.

Fainesi akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi zinatoka, na hilo ndilo lililomaliza watu mbavu, kwa sababu kilio cha mtani msibani huwa cha kuigiza, na hawakuwahi kuona mtu anaigiza vizuri namna ile. Mama Imelda mwenyewe, ambaye tangu jana hakuwa amekula, alifunika uso kwa kanga akicheka na kulia pamoja. Mtu akaleta jogoo mwekundu, mkubwa, akamkabidhi Fainesi shimoni. Mikono ikamshika makwapani, ikamtoa, ikampangusa udongo. Katekista akaendelea alipoishia, na Osmundi akazikwa.

"Umetufaa, mtani," kaka wa marehemu alimwambia akimshika mkono. "Angekuwepo angefurahi sana."

*

Alikuwa anasubiri gari barabarani, jogoo kamfunga miguu na kumshika kwapani, Imelda alipomfikia. Alikuwa ametembea haraka na alihema.

"Mtani, umeondoka bila kula."

"Treni, mwanangu. Nitachelewa."

Imelda hakuondoka. Alitazama barabara, akatazama jogoo. "Umetuchekesha sana," alisema. Kisha, "Ulikuwa unatania, sivyo?"

Gari lilikuwa bado halijaonekana. Fainesi alimtazama tumboni, hakuweza kujizuia.

"Mume wangu alisuuzwa kwenu," Imelda alisema. "Baba alifurahi mno. Alisema mjukuu wake atakuwa wake mara mbili." Alisubiri. "Mtani?"

Kusema ndiyo, nilikuwa natania, kulikuwa neno jepesi, lilikuwa tayari ulimini. Binti angecheka, angerudi kwa mama yake, angelala. Kama baba yake alivyolala. Fainesi aliona jinsi uso ule ulivyofanana na ule wa chumba cha mahojiano, ukimtazama kama atacheka au hatacheka.

"Sikuwa natania," alisema.

Imelda akacheka. Kicheko chake kilikuwa kifupi, kikaisha chenyewe.

"Niambie tena. Polepole."

Fainesi akamwambia tena, bila umati. Alimwambia kuhusu alama, Urambo, figo, Tunu na uso wake wa asubuhi. Alimwambia kwamba mimba hiyo inaweza kuwa nazo, na kwamba ikijulikana mapema mtoto anaweza kutibiwa figo zikiwa bado nzima, na kwamba hana hakika. Imelda alisikiliza kama mwalimu anavyosikiliza mtoto anayejieleza kosa, mikono yote miwili ikiwa juu ya kanga. Hakulia.

"Kumbe ulijua," alisema mwishowe.

"Nimejua juzi tu."

"Hapana. Kule shimoni. Ulijua tutacheka." Sauti yake ilikuwa tulivu na ndiyo iliyouma. "Umeshuka kwenye kaburi la baba yangu kwa sababu ni mahali pekee unapoweza kulisema na lisisikike. Ili ukirudi kwenu ujiambie, niliwaambia."

Binti alikuwa amemsoma vizuri kuliko mashine.

"Nirudishie huyo jogoo," alisema Imelda.

"Nini?"

"Jogoo anapewa mtani. Wewe leo umekuja kwetu kama daktari, basi nenda kama daktari. Ukaseme pale ambapo hawatacheka." Akanyoosha mkono, akamchukua jogoo kwa mabawa, bila hasira, kama anayepokea kitu chake dukani. "Ukishasema, rudi umwambie mama. Yeye nisimwambie mimi. Na huyu," akagusa tumbo, "ukimpima, umpime mwenyewe."

Aligeuka akarudi njia ya nyumbani. Jogoo alipiga kelele hadi kwenye kona, kisha pakawa kimya, na Fainesi akabaki amekunja mkono kwapani kama bado anamshika.

Simu ikaita. Alikuwa Profesa Kyaruzi.

"Fainesi, umefika salama? Vipi mtu wetu?"

"Tumemzika. Alisema kweli, Profesa. Yote."

Kwa mbali, upande wa pili, zilisikika nyundo. Walikuwa wanafunga jukwaa la Jumatatu.

"Basi," Profesa alisema, "pole sana. Rudi upumzike. Tutalipanga vizuri, mimi na wewe."

"Nitasimama mbele ya Waziri niseme. Jina la Osmundi, jina langu, na kwamba nilicheka."

"Na Tunu?"

"Tunu nitamwambia kwanza mwenyewe. Na baba yake." "Watamwita mtoto wa panya. Najua. Nitakuwepo wakimwita."

Profesa alicheka, kicheko kidogo cha mtu mzima anayempa mwenzake nafasi ya kurudi nyuma bila aibu. "Fainesi, bwana. Unanitania."

Gari lilikuwa limetokea kwenye vumbi. Fainesi alinyoosha mkono kulisimamisha.

"Mimi sina utani na Wahaya, Profesa," alisema.